Kusoma Bei kwa Sauti

Siku ya kuniaga mlinipa mkoba wa kompyuta. Kompyuta yenyewe mlibaki nayo, na hilo halina neno, ni mali ya ofisi. Mkoba nimeutia bizari na pilipili kavu, nao umetundikwa vizuri nyuma ya mlango wa jikoni hapa Tudor. Nawashukuru. Lakini katika hotuba zile mlisifu mno vyeo nilivyopanda, na mimi nimeketi kiti cha mbele, nimevishwa koja la asumini, najiuliza kama nyote mnaijua kazi tuliyokuwa tukiifanya. Cheo hupandishwa yeyote anayechelewa kuondoka. Basi nimeona niwaandikie niliyoyaona mimi, hasa nyinyi mlioajiriwa juzi, ambao bei za mazao mnazijua kwa kuzitazama kwenye kioo cha kompyuta.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Unachukua bei anayolipwa mkulima shambani kwake. Unachukua bei ya zao hilohilo likiwa limefika melini. Kwenye bei ya meli unatoa gharama zote za njiani: gunia, lori, ghala, makuli, kusafisha, na kilo zinazoliwa na panya. Kinachobaki ndicho ambacho mkulima angekipata lau serikali isingetia mkono wake. Akiwa anapata zaidi ya hapo, nchi inambeba mkulima. Akiwa anapata pungufu, mkulima ndiye anayeibeba nchi. Ukimaliza nchi moja na mwaka mmoja unaingia nchi ya pili na mwaka wa pili, mpaka uone nani kambeba nani, na kwa muda gani. Ndivyo nilivyokula chumvi yangu. Nilipomweleza marehemu mama, aliniuliza kama ni lazima mtu apelekwe shule kwa jambo hilo.

Nilianzia katika nyumba ya Kibokoni, mtaa wa mji wa kale, ghorofa ya juu, kabla ofisi haijahamia jengo lenye lifti. Chini aliishi mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima na wanawe, na asubuhi ikipanda kidogo tu harufu ya vitunguu vya kukaanga ilishika ngazi ikaja mpaka mezani kwetu. Nimejifunza hesabu za kutoa gharama nikiwa na njaa, na labda ndiyo sababu sikuzisahau. Niliwakuta watu wawili. Bwana Twalib, mkuu wetu, alikuwa mzaliwa wa mtaa uleule, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno machache. Wambua, karani wa bei, alikuwa Mkamba wa Machakos, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa lake. Mimi nikawa wa tatu: Kadzo, msichana wa Kigiriama kutoka kijiji cha nyuma ya Kilifi, nina cheti kipya na viatu vinavyonibana.

Bwana Twalib hakunionyesha meza wala kiti. Alinipa karatasi yenye safu za bei za mahindi za nchi nne, akaketi upande, uso kaelekeza dirishani.

"Haya, nisomee."

Nikaanza kumweleza nionavyo, kwamba nchi hii iko juu na ile iko chini, kama tulivyofundishwa.

"Sikukwambia unieleze. Nisomee. Nambari kwa nambari, kwa sauti."

Nikasoma kama mtu anayenong'ona matangani. Akanyoosha mkono kunikomesha.

"Mato yashazoea nambari, yaruka. Sikio haliruki. Soma nikusikie, mwanangu, na kila safu uipe mwendo wake."

Baadaye alinieleza alikotoa mtindo huo. Utotoni, katika chuo cha Kurani, waliketi mbele ya maalimu mmoja mmoja wakamsomea walichohifadhi. Maalimu alikuwa ameinama anashona kofia, hakutazama kitu, na mtoto akikosea herufi moja tu mkono wenye sindano ulisimama hewani. Bwana Twalib alipopewa ofisi aliileta desturi hiyo kwenye bei za mazao. Hakuna jedwali lililotoka kwetu bila mmoja kulisoma kwa sauti na mwingine kulisikiliza pasi na kulitazama. Ukisoma safu ya miaka kwa mwendo mmoja, nambari iliyokosewa hutoka guni, kama ubeti uliokosa mizani. Unaisikia inavyojikwaa, hata kabla hujajua kosa ni nini. Msomaji akifika mwisho, Bwana Twalib aliuliza swali lake la siku zote, "Haya, nani kambeba nani?" Jibu likimridhisha alisema, "Li sawa. Lipeleke." Sifa nyingine hakuwa nazo, na sisi tulizoea kuishi kwa hiyo moja.

Wambua ndiye aliyeteseka. "Mimi nilikuja kuandika bei," aliniambia siku ile ya kwanza, tukinywa chai, "sasa hii ni kazi ama ni zamu ya kwaya?" Lakini alikuwa na sauti, na sauti haifichiki. Akisoma bei za Zambia kwa besi yake, mtu angedhani Zambia nzima iko msibani. Siku moja mwenye nyumba alimtuma mwanawe juu kuuliza nani amekufa, maana walikuwa wakitusikia tangu asubuhi na kama kuna hitima walitaka kuchanga sukari. Bwana Twalib alijibu kuwa hajafa mtu, ni bei ya mahindi tu. Sukari ililetwa hata hivyo.

Vyombo vyetu msivicheke. Tulikuwa na mashine ya hesabu inayotoa utepe wa karatasi, rula ya chuma, simu yenye kufuli, na faksi ambayo siku za mvua ilitema kurasa nyeusi tupu. Bei za bara zilikuja kwa basi. Watu wetu wa Kitale na Busia walizitia kwenye bahasha wakampa kondakta, na Wambua alikwenda kuzipokea Mwembe Tayari mabasi yanaposhusha, akapenya katikati ya abiria waliolala njia nzima na wachuuzi waliomwita mjomba. Kuna bahasha ya bei za maharagwe iliyosahaulika chini ya kiti ikarudi Busia, ikaja tena, ikarudi tena. Ilipotufikia, Wambua alisema bei hizo zimesafiri kuliko sisi sote na zilipwe posho. Bei za meli nilizifuata mimi kwa miguu, bandarini Kilindini na kwenye maghala ya Shimanzi, kwa makarani waliokuwa hawana haja nami hata kidogo. Nilijifunza kwamba karani wa meli hajibu swali la kwanza. Unamwamkia, unamuuliza habari za nyumbani, unamwacha alalamikie joto, halafu bei inatoka yenyewe.

Makosa ya kazi hii ni mengi, na mengi yamevaa suti. La kwanza nililofundishwa ni kutenganisha bei ya jukwaani na bei ya mizani. Nchi nyingi hutangaza bei ya mahindi kwa kipaza sauti, magazeti huiandika, na mtu aliyeko mbali huichukua akaitia katika jedwali lake kwamba mkulima wa huko anabebwa. Nenda kwenye mizani uone. Ghala lililoahidiwa limefungwa, au linanunua wiki moja, au linataka mahindi makavu kuliko jua la mwezi huo linavyoweza, na mkulima amekwisha muuzia mwenye lori lililosimama hapo nje. La pili ni kulinganisha visivyolingana. Alipata kuja mgeni mmoja, msomi na muungwana, aliyetaka bei ya mahindi yetu meupe tuilinganishe na ya mahindi ya njano yaliyopakiwa melini kwa ajili ya mifugo ya ng'ambo. Bwana Twalib alimsikiliza mpaka mwisho, akamtilia kahawa, kisha akamuuliza kwa adabu kama kwao watu na ng'ombe huketi sinia moja. Mgeni alicheka, na lile likafutwa. Nawaambia haya kwa sababu mashine zenu hazitawauliza swali hilo.

Kesi iliyonishika kuliko zote ni ya korosho. Tulitakiwa tulinganishe nchi tatu, Kenya, Tanzania na Msumbiji, kwa miaka mingi iliyopita. Mti ni mmoja na mchanga unafanana, ila serikali ni tatu. Tanzania waliuza kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Msumbiji walitoza ushuru korosho mbichi zinazotoka nje. Sisi tukapiga marufuku korosho mbichi kuuzwa nje, ili viwanda vya hapa vipate za kubangua. Marufuku ilipokuja, bei yetu ya meli ikatoweka, kwa kuwa meli haikupakia tena. Ikatubidi tuazime bei ya meli ya jirani na kuirekebisha, kazi ya kuumiza kichwa. Tuliirekebisha, tukailinganisha korosho yenye kiini kikubwa na yenye kiini kidogo, tukageuza fedha za nchi tatu kwa viwango vya kweli badala ya vya kwenye ubao wa benki. Jedwali lilipokamilika lilikuwa zuri kweli. Mkulima wetu wa pwani alikuwa akipanda mwaka hata mwaka. Waliotutuma, kule Nairobi, walikuwa wamedokezwa na wamefurahi.

Tukaketi kusoma. Nilisoma mimi. Nilipita Msumbiji, nikapita Tanzania, nikaingia Kenya kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. Mkono wa Bwana Twalib ukasimama hewani.

"Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma, nikasoma tena.

"Hapo. Mkulima wa kwenu yuwapanda, yuwapanda. Na wewe Jumatatu ulitwambia nini ulipotoka kwenu?"

Nilikuwa nimewaambia kwamba magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara kama watu wanaongoja mkutano, na makaa yenyewe ni ya mikorosho. Watu walikuwa wakiikata.

"Sasa kama yuwapata hivi," akasema, "mbona yuwakata?"

Wambua aliacha kukoroga chai. Mimi nilikuwa na jibu tangu utotoni, ila katika jedwali letu halikuwa na safu, na sijui ofisi gani ingelifikiria. Nikawaeleza. Kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mti unarithiwa peke yake, unauzwa peke yake, unawekwa rehani peke yake. Na wakati wa maua ndio wakati ghala la nyumbani limekauka na shule inadai karo. Basi dalali huja mti ungali na maua, akauzunguka, akautazama juu, akataja bei, akalipa papo hapo. Tangu siku hiyo kila korosho itakayoanguka chini ya mti ule ni yake. Sisi tunaita kuuza maua. Miezi ikapita, korosho zikaiva, zikapelekwa kwenye mizani, na watu wetu wa kukusanya bei walikuwa wamesimama palepale kwenye mizani wakimuuliza aliyezileta, "Umeuza kwa bei gani?" Alijibu kweli. Ila hakuwa mkulima.

"Yaani tumempima dalali," akasema Wambua. "Miaka hii yote tumekuwa tukimpima dalali."

"Na amenawiri," akajibu Bwana Twalib. "Haya, tuanze upya."

Tukaanza upya, na nilifurahi kupita kiasi, maana hakuna raha ya kazini kama kujua ni wapi hasa ulipopotea. Tulizunguka vijijini na swali jipya: uliuza mti ukiwa na nini, maua au korosho? Haikuwa haki kuuliza huku tu, kwa hiyo wenzetu wa nchi nyingine nao waliuliza kwao. Kusini mwa Tanzania nako kuna watu wanaouza mapema kwa kificho, na biashara hiyo wanaiita kangomba. Hilo nalo lilitafutiwa safu. Mwishowe mstari wa Kenya, uliokuwa ukipanda, ulilala chini. Wageni walipokuja kutoka Nairobi walisikitika, walilipenda jedwali la kwanza. Bwana Twalib hakubishana nao. Aliagiza pilau kutoka chini, wakala, wakashiba, kisha akawasomea jedwali jipya lote kwa sauti, nchi tatu, mwaka kwa mwaka. Katikati ya Msumbiji mmoja wao alikuwa amekwisha lala. Walilikubali siku hiyohiyo. Sijui kama waliliamini au walichelea lisisomwe tena.

Katika kupita kule vijijini ndipo nilipofika tena kwetu. Mama alikuwa ameshafariki, na mikorosho yake ilikuwa mikononi mwa mdogo wangu, Kazungu. Mama aliipanda kwa mkono wake, kwa mistari isiyonyooka, maana alikuwa akikifuata kivuli cha asubuhi ili asichomwe na jua. Nilimkuta Kazungu amesimama uani na mtu mwenye msumeno wa injini, wanapatana. Aliponiona alimwomba yule mtu angoje.

"Dada, umekuja wakati mzuri. Majirani wote wamekata. Mimi sijui. Wewe ndiye mpimaji, nambie nikate ama niache, na nitakusikiza wewe."

"Jedwali halijakwisha, Kazungu. Ningoje msimu huu upite."

Akamgeukia mwenye msumeno. "Umesikia? Rudi nyumbani. Tunaingoja Serikali." Tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Serikali.

Nilirudi Kibokoni nikiwa na hofu. Nilitaka nambari ziseme miti iachwe. Kila karatasi ya kijiji iliyoingia niliijumlisha huku nikiomba Mungu, jambo ambalo Bwana Twalib angelijua angeninyang'anya rula. Miti ile nilicheza chini yake, nililia chini yake, na mama alikuwa akiketi hapo jioni akibangua korosho mpaka vidole vikaungua kwa utomvu. Lakini nambari hazina mama. Zilipokwisha zilisema wazi kwamba mkulima wa korosho wa upande wetu amekuwa akibeba wengine mwaka baada ya mwaka, na kwamba ardhi ile ingemtunza zaidi kwa zao jingine. Nikalikunja jedwali, nikapanda gari, nikaenda kwa Kazungu.

Nilimkuta anachoma korosho juu ya bati la debe, moshi umetanda uani. Nikaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, nikamsomea yote kwa sauti, kama nilivyofunzwa. Alikuwa akigeuza korosho kwa kijiti, akinisikiliza, na nilipofika mwisho akasema:

"Basi nikate."

"Kwa hesabu, kata," nikamwambia. Sijapata kusema neno la kazi lililoniuma kama lile.

Akageuza korosho zake. Kisha akauliza, "Safu ya shule iko wapi?"

"Shule ipi?"

"Yako. Umesoma maua, umesoma gunia, umesoma lori mpaka meli. Ya shule sikuisikia."

"Najua mama aliuza maua kunilipia karo."

"Maua yalikuwa mwanzo. Ule mwaka wako wa mwisho maua hayakutosha, akaiweka rehani mikorosho yote. Mimi nikatoka shule, nikaenda timboni kukata mawe, mpaka tukaikomboa. Mama akasema usiambiwe, utashindwa kusoma." Akaondoa korosho iliyoanza kuungua. "Mikorosho hii ndiyo iliyokusomesha, hata ukaweza kuja hapa na makaratasi kunambia niikate."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa akicheka, cheko la mtu aliyeuweka mzaha wake muda mrefu akapata pa kuutoa. Mimi nilikuwa nalia, na kwa kuwa moshi wa korosho huchoma macho nikausingizia. Nilikuwa nikidhani aliacha shule kwa kutoipenda. Ndivyo nyumbani walivyosema, na mimi nilipokuja likizo nilikuwa nikimkaripia kwa uvivu wake.

Nikapangusa macho, nikasema, "Usikate. Maua nitayanunua mimi."

"Kwa bei gani?"

"Ya melini."

"Toa gharama za njiani," akasema. "Mimi si mwizi."

Tangu hapo, kila mikorosho inapochanua, namtumia fedha kwa simu kabla dalali hajafika. Korosho zikianguka ni zake; anazipeleka kwenye mizani mwenyewe, wakati autakao, akiwa na haraka au hana. Nami hupata mfuko wa Krismasi na mwingine wa kugawia majirani zangu wakati wa Idi. Madalali wamemzoea. Wakimuuliza maua amemuuzia nani hujibu, "Serikali." Wakimuuliza serikali gani iliyokuja kununua maua Kilifi, anawaonyesha simu yake. Miti iliyozeeka ameing'oa mwenyewe na mahali pake amepanda michanga, nayo kaipanda kwa mistari iliyopinda vilevile. Nilimuuliza kwa nini asinyooshe. Aliniambia amezoea kupita hivyo.

Yaliyofuata ofisini mnayajua, au mnayo kwenye mafaili. Tulihama Kibokoni, zikaja kompyuta, faksi ikawa ya kuwekea chupa ya chai. Wambua alistaafu akarudi Machakos, na mpaka leo hunipigia simu na kunisomea bei ya nyanya za kwake kwa besi, hata nisipomuuliza. Bwana Twalib alistaafu kabla yetu sote, na macho yake yakapungua mpaka yakafika mahali pa kuona nuru tu. Nanyi mlikuwa mkiniona Alhamisi alasiri naondoka na karatasi kwapani, mkidhani nakwenda kumzuru mgonjwa. Nilikuwa nakwenda kazini. Majedwali yote mliyoyapeleka kwa jina langu yamepita Kibokoni kwanza, nimeyasoma barazani kwake, na majirani waliokuwa hapo wanazijua bei za sukari za nchi nyingi kuliko inavyowapasa. Msiiache desturi hiyo. Kama hamna mzee wa kumsomea, someaneni. Na mkiuliza mkulima ameuza kwa bei gani, ulizeni pia ameuza lini, na alikuwa na shida gani siku hiyo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake mara ya kwanza nikiwa sina kazi. Mkono mtupu sikuweza, nikamwandalia jedwali dogo la kwangu mwenyewe, la mikorosho ya Kazungu. Nikaamkia, nikapewa kahawa na kipande cha halua, nikaanza kusoma. Kwa kanuni zetu huyu ni mkulima anayebebwa, hakuna shaka: anapata zaidi ya jirani zake wote, mwaka hata mwaka, na safu ilikuwa ikienda vizuri masikioni. Naungama nilikuwa nikijisikia raha. Mkono wa Bwana Twalib ukasimama hewani, unatetemeka kidogo siku hizi.

"Umeanzia wapi?"

"Mwaka nilioanza kuyanunua maua."

"Umeanza kati, mwanangu. Anza mwanzo. Anza mwaka uliotia mguu sekondari."

Kisa cha karo nilikuwa nimemsimulia zamani, lakini miaka hiyo sikuwa nayo kwenye karatasi. Nikaisoma kwa kichwa, mmoja baada ya mmoja: maua ya mwaka wa kwanza, maua ya wa pili, maua ya wa tatu, rehani, timbo. Mwaka wa timbo niliusoma mara mbili. Alisikiliza, uso kaelekeza njiani kama alivyouelekeza dirishani siku ile ya kwanza, nami nikaendelea, miaka ya mshahara wangu mimi na miaka ya mawe yake yeye, mpaka nikafika kwenye maua ninayoyanunua, mpaka msimu huu. Hakunisahihisha hata mahali pamoja.

"Haya," akasema. "Nani kambeba nani?"

"Yeye," nikamjibu. "Mpaka leo, ni yeye."

"Li sawa. Lipeleke."

Kesho asubuhi nakwenda Kilifi kumsomea.